Farasi Kumi na Nane

Keko, Jumapili, 1 Machi 1959

Daftari hili lilikuwa la kuandikia vipuri karakanani. Karani kapewa jipya, hili nimelichukua mimi. Mvua bado. Joto la kuchemsha ubongo.

Baada ya misa alikuja Nassibu, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Ni seremala wa vitanda na makabati hapa barabarani, kijana wa Vijibweni, ng'ambo ya maji. Kuna Mzungu anarudi kwao, anauza boti yake ya mbio bila mashine. Nassibu anataka nikaitazame, kisha nimchagulie mashine, kwa kuwa kazi yangu ni mashine za boti na karakana yetu ina mbili zilizokwisha tumika: ya nguvu za farasi kumi na nane na ya farasi thelathini na tano.

Nikamuuliza seremala ana haja gani na boti ya mbio, au vitanda vyake vimeanza kuogelea. Hakucheka. Akanikumbusha dada yake Tabu, aliyeshikwa na uchungu kule Vijibweni miaka mitatu iliyopita. Walingoja mtumbwi, maji yakawakatalia, akafa na mtoto tumboni. Sasa Zuena, mke wa Nassibu, ana mimba ya kwanza, na kwao mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Amekwisha rudi Vijibweni. Anatarajia mwisho wa mwezi wa nne.

"Mie sitaki mbio za kujionyesha, kaka Gaudens," akaniambia. "Nataka siku ile ikifika, Zuena afike hospitali yu hai."

Nikasema nitakwenda kuitazama.

4 Machi

Nimeiona. Heri nisingekwenda.

Iko Kurasini, imefunikwa turubai, inalindwa na mzee Marijani ambaye kazi yake ni kulinda boti za Wazungu pale pwani. Imepakwa rangi ya kijani. Ilikuwa ya buluu. Nilipitisha mkono chini ya tezi, kule nyuma, nikakuta kiraka cha shaba chenye skurubu saba, ya nane haipo, kwa sababu siku niliyokipiga zilinipungukia na nilikuwa na haraka. Ni ile ile. Ndiyo aliyokuwa anaiendesha mdogo wangu Audax alipokufa, Juni ya mwaka hamsini na saba.

Marijani alikuwa ananitazama. Nassibu akauliza mbao zikoje. Nikasema nzima, na ni kweli ni nzima. Nikairudishia turubai.

Tulipokuwa tunaondoka nikasikia mtu nyuma yangu anakohoa kidogo, kile kikohozi cha kijana anayetaka kumwamkia mkubwa. Nikageuka. Matope na kaa tu.

6 Machi

Mke wangu Kokuberwa kauliza kwa nini sili. Nimesema ndizi za Dar es Salaam hazina ladha. Hilo nalisema kila wiki, hakushangaa.

9 Machi

Hesabu ya mashine si uganga. Unapima boti, unapima mashine na mafuta, unapima watu, unajumlisha. Kila ratili hamsini zinataka farasi mmoja ili boti iinuke na kukimbia juu ya maji. Ukipunguza farasi, inabaki kulima maji kama jembe. Ukizidisha mno, inakuwa kali kwa mwenye kuishika. Boti ya Nassibu, watu sita ndani, jumla ratili elfu moja na mia tano. Farasi thelathini. Basi ni ile ya thelathini na tano, na mtoto wa shule angejibu hivyo.

Lakini hesabu hii nilikwisha ifanya. Yule Mzungu alipokuja karakanani miaka miwili iliyopita, nilimwambia thelathini na tano, na Audax akaajiriwa kuiendesha. Wiki ya tatu ilimtupa majini mbele ya klabu ya boti, ikapita juu yake. Mashine ile ilimuua ndugu yangu, na aliyeichagua ni mimi. Nimewaambia watu hivyo, na mama yetu Bukoba nimemwandikia hivyo.

12 Machi

Mfungo wa Ramadhani umeanza jana. Mvua ya kwanza leo, fupi. Nassibu kapita kuuliza. Nimesema Jumapili tutaijaribu ya kumi na nane.

15 Machi, Jumapili

Tumeijaribu.

Nassibu alitaka kuwaita ndugu zake wapande, tuone boti ikiwa na watu. Nikamwambia waache waliofunga wapumzike, sisi wawili tunatosha. Mimi ni mwembamba tangu kuzaliwa, Nassibu naye ni mifupa mitupu. Nikachagua pia saa ambayo maji yamesimama, hayaingii wala hayatoki. Nikavuta kamba, nikafungua moto, mashine ikavuta kwa nguvu zake zote, na boti ikainuka vizuri kabisa. Nassibu alicheka mpaka machozi. Alisema sasa Vijibweni imekuwa jirani.

Nikamwambia kumi na nane inatosha. Nilisema kwa sauti yangu ya fundi, ile ambayo watu hawaipingi. Ile kubwa hatukuifunga hata kuionja.

Tulipotia nanga, Marijani akaniuliza, "Na wakiwa sita?" Nikamwambia alinde boti, mashine aniachie mimi. Ni mtu mzima kuliko mimi, nilimkosea. Yeye hakukasirika. Aliniambia polepole, Nassibu akiwa mbali, kwamba siku ile ya Audax alikuwapo na aliona. "Mashine haikuwa na kosa, Gaudens. Wewe wajua."

Nikaanza kukunja kamba. Nyuma yangu, kikohozi.

20 Machi

Nassibu kainunua boti, na mashine ya kumi na nane. Nimeisafisha, nimeiwasha kwenye pipa la maji pale karakanani. Kwenye pipa kila mashine ni nzuri, haibebi mtu.

Imekohoa mara mbili kabla ya kutulia. Nimefungua nikatazama kila kitu. Haina kitu.

23 Machi

Mvua.

24 Machi

Mvua. Choo cha jirani kimebomoka.

25 Machi

Mvua. Namfundisha Nassibu kushika mkono wa mashine, ule wa kuongozea boti. Ana mkono mzuri, mzito. Kila mara namwambia neno moja: usisimame, usiuachie. Kaniuliza kwa nini nalirudia kama kasuku.

29 Machi, Pasaka

Kokuberwa kapika ndizi na nyama, na safari hii nimezisifu. Katikati ya chakula nimeweka kijiko chini nikageuka mlangoni, nikangoja. Kauliza namtazama nani. Nimesema nzi.

10 Aprili, Idi

Nassibu aliwachukua ndugu zake matembezi ya sikukuu, watu saba na kanzu mpya. Boti haikuinuka. Omo, pua ya boti, ilikwenda juu, tezi ikazama nusu, wakarudi wamelowa wote, wanacheka. Kisha akaja hapa, hacheki.

Aliniuliza mbona boti imelala. Nikamwambia mafuta hayakuchanganywa sawasawa. Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii, nimewahi kukosea, lakini kusema uongo juu ya mashine sijawahi. Akaniamini! Akaomba radhi kwamba mafuta alichanganya mwenyewe.

Kokuberwa alikuwa uani anasikia. Nassibu alipoondoka akaja akasimama mbele yangu na upawa mkononi.

"Mashine umemchagulia Nassibu, au umemchagulia marehemu?"

Nikamwambia mambo ya mashine hayajui. Kweli hayajui. Lakini mimi ananijua.

14 Aprili

Leo nilikwenda kumwambia Nassibu tuibadilishe, tufunge ile kubwa. Nilimkuta anapiga msasa kitanda cha mtoto. Akanionyesha jinsi alivyoviringisha pembe zote zisimkwaruze. Nikasifu pembe. Nikarudi nyumbani.

Ukweli ni kwamba nikimwambia tubadilishe, ataniuliza sababu.

18 Aprili

Mvua. Ile thelathini na tano bado iko kwenye gogo lake karakanani. Mtu kaja kuiulizia, nimesema ina mwenyewe. Nimejiahidi: Zuena akishajifungua tu, nitaibadilisha kwa gharama yangu. Mtoto wa kwanza huchelewa, kila mtu husema.

22 Aprili

Kikohozi mara tatu leo, mchana kweupe, niko na watu.

26 Aprili, Jumapili

Mkono unanuka petroli. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Saa nane mchana Nassibu alikuja mbio, hana kofia, mvua inamchuruzika mwilini. Mtu alikuwa amevuka na mtumbwi kuleta habari. Zuena ameshikwa tangu alfajiri, na mkunga, Bi Hija, anasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali upesi. Nassibu anajua kuendesha lakini leo hakuiamini mikono yake. Akaniomba niishike mimi.

Kwenda hakukuwa na tabu. Tulikuwa wawili, boti ikainuka, tukaiona Vijibweni hiyo. Zuena akaletwa majini juu ya kitanda cha kamba, tukamlaza katikati ya boti. Akaingia Bi Hija. Akaingia Bi Hamisa, mama yake Zuena, mwanamke wa mwili wake. Akaingia na shangazi wa binti. Kila aliyekanyaga ndani nilikuwa najumlisha ratili kichwani, na hesabu ilikuwa inakataa. Sita.

Nilipaswa kusema hapo hapo. Lakini nani atamwambia mama mkwe ashuke kwa kuwa ni mzito, mbele ya mwanawe anayeumwa hivyo? Nassibu kwa adabu hata usoni hamtazami. Na mimi nikajificha nyuma ya adabu yake. Kusema "shukeni" kungekuwa kukiri. Nikavuta kamba.

Ilikuwa bamvua, maji yanajaa kwa nguvu zote, yanaingia, nasi tunataka kutoka twende Kivukoni, karibu na hospitali. Nikafungua moto mpaka mwisho. Omo ikapanda, tezi ikakaa, mashine inanguruma na maji meusi yanatuchungulia ubavuni. Pale Kurasini kuna nguzo ya kuongozea meli. Niliitazama, ilikuwa kushotoni kwangu. Nikahesabu mpaka mia mbili nikaitazama tena, na ilikuwa kushotoni kwangu. Zuena alikuwa halii. Angelia ningepata nafuu.

Bi Hamisa akauliza, "Baba, mbona hatwendi?"

Nassibu alikuwa ananitazama mimi, si maji, na bado macho yake yalikuwa yananiamini. Hilo ndilo lililonivunja. Nikageuza omo mpaka ukingo wa Kurasini, nikapandisha boti kwenye tope, nikasema, "Bi Hamisa, shuka. Na shangazi. Na wewe Nassibu. Boti haiwezi."

Halafu Nassibu akaruka kwenye tope, akamshika mama mkwe wake kiunoni, jambo ambalo sidhani aliwahi hata kuliota, akamteremsha. Walizama magotini. Nikawaacha wamesimama pale watatu kwenye mvua, nguo zao zimewaganda.

Tukabaki mimi, Zuena na Bi Hija. Boti ikavuta, ikasita, ikainuka. Ikaanza kwenda. Lakini nusu saa nzima ilikuwa imekwisha kwenda na maji. Na pale nyuma yangu, ambapo hapakuwa na kitu ila mashine na povu, akakohoa. Karibu kabisa. Nikasema kwa sauti, "Marahaba, Audax. Kaa chini." Bi Hija akaninyanyulia uso mara moja kisha akarudi kwenye kazi yake.

Mtoto alizaliwa tukiwa tunaiona Kivukoni. Alitanguliza miguu. Wa kike. Bi Hija alimpulizia mdomoni, akampiga mgongoni, akampulizia tena, mpaka boti ikagusa mchanga, na hakulia. Watu wa pwani wakambeba Zuena mbio kwa mkeka. Bi Hija akabaki ameketi na kifurushi mapajani, mvua inanyesha, na mimi nimeshika mkono wa mashine iliyokwisha zimwa.

28 Aprili

Zuena yu hai. Damu nyingi imemtoka lakini yu hai. Mtoto kazikwa jana Vijibweni.

Nassibu kaja. Akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Mungu akulipe, kaka. Bila wewe ningewazika wawili."

Nikasema amina. Mungu wangu, nikasema amina. Kokuberwa alisimama mlangoni akaniangalia, akaingia ndani.

3 Mei, Jumapili

Sikwenda misa. Sasa niandike lile ambalo Marijani aliliona.

Audax alikuja mjini ana miaka kumi na mitano, nikamlea. Nilikuwa mkali wa heshima, nikiogopa Dar itamharibu. Wiki ile ya kufa kwake alikuja kunisalimu hapa barazani nikiwa na wageni, na alikuwa amechoka, akaniamkia amekaa. Nikamfokea mpaka barabara nzima ikasikia. Nikamuuliza tangu lini mkubwa anaamkiwa na mtu aliyeketi, na kama mama alimzaa au alimwokota. Alisimama, akaniamkia upya, machozi yanamlengalenga. Nikaridhika. Nilijiona mlezi.

Jumamosi yake nilikwenda pwani ya klabu kuona mashine niliyoichagua inavyofanya kazi. Ilikuwa inakimbia, uzuri wake sisemi. Audax akaniona nimesimama ukingoni. Moto ukiwa umefunguliwa wote, aliuachia mkono wa mashine, akasimama wima, akainamisha kichwa, na nikaona midomo yake inasema shikamoo. Mashine ikajigeuza, boti ikamtupa, ikazunguka na kurudi juu yake. Hata marahaba sikuwahi.

Miaka miwili nimeisingizia mashine. Hata moyoni mwangu. Nilipoona boti ile, sikumpimia Nassibu hesabu, nilijipimia woga wangu, nikaita ufundi.

Nikavaa nikaenda kwake. Alikuwa anapiga randa ubao. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: boti ile aliwahi kuiendesha nani, kwa nini Jumapili ile tulijaribu wawili tu, na maji yakiwa yamesimama, mafuta ya Idi kwamba hayakuwa na kosa, na Audax alikufaje kweli. Sikulia. Nilitaka kulia lakini niliona ningekuwa namwomba anibembeleze.

Aliweka randa chini. Aliniuliza jambo moja tu.

"Ile kubwa ingetufikisha?"

"Ingewafikisha. Wote sita."

Akachukua randa, akaendelea na ubao ule ule. Alipiga, akapiga, mpaka ubao ukawa mwembamba hauna kazi tena, na hakusimama. Nikaondoka.

Kikohozi sikukisikia njiani. Nilidhani ningefurahi.

10 Mei

Nassibu anapita mbele ya mlango wetu akitazama mbele. Kokuberwa amekwenda Vijibweni kumpa Zuena pole, kabeba unga na sukari. Mimi sikualikwa kwenda naye.

14 Mei

Nassibu alikuja karakanani leo, mbele ya watu wote. Hakuniamkia. Akasema mke wa binamu yake kule Vijibweni atajifungua mwezi ujao, na nyuma yake kuna wengine wawili.

"Funga ile kubwa. Na siku zao zikifika, utaishika wewe."

Nikamwambia nitaifunga leo leo, asilete hata senti. Kisha nikakosea, nikamuuliza kama amenisamehe.

"Sijakusamehe," akasema. "Nimekwambia funga mashine."

17 Mei, Jumapili

Mvua imepungua. Thelathini na tano imefungwa, nimetia ile skurubu ya nane ya kiraka na kuzikaza zote. Nilimpelekea Nassibu ujumbe kwamba safari hii tunapima sawasawa: watu sita, wenye miili yao, maji yakijaa.

Saa tisa wakaja Kurasini, Nassibu na watu wa Vijibweni wanne, na wa mbele yao Bi Hamisa. Nikasimama, nikamwamkia. Aliitikia kwa sauti ya chini. Nikampa mkono aingie, hakuushika. Aliingia mwenyewe, boti ikainama, akaja kukaa huku huku nyuma, magoti yake yanagusa ya kwangu. Wengine wakajaza mbele. Nikaushika mkono wa mashine. Nikamwomba Bi Hamisa asogee mbele kidogo, hapa nyuma mashine ikiamka ina nguvu sana, inaweza kumtisha.

"Sisogei," akasema. "Nataka niuone mkono wako. Washa."

Nikavuta kamba.